Mkojo wa McBean na Taya za Watoto wa Mulago

Jumamosi tarehe 1 Novemba 1845, daktari Henry Bence Jones wa hospitali ya St George's, London, alipokea kichupa cha mkojo pamoja na barua fupi. Barua ilieleza kwamba mkojo huo ulikuwa mzito kupita kawaida. Ukitiwa asidi ya nitriki ulitoa povu, ukageuka mwekundu-mwekundu na kuwa mwangavu, lakini ukiachwa upoe uliganda. Ukipashwa moto tena, uliyeyuka. Aliyeandika barua aliomba kuambiwa ni kitu gani hicho.

Mwenye mkojo alikuwa Thomas Alexander McBean, mfanyabiashara wa miaka 45 aliyeheshimika mjini. Septemba ya mwaka uliotangulia, akiwa mapumzikoni, aliruka kutoka kwenye pango la chini ya ardhi, na papo hapo akahisi kama kitu kimekatika kifuani. Maumivu yalimlaza chini hata mkono akashindwa kuuinua. Walimfunga kifua kwa plasta, wakamwekea ruba wamnyonye damu, wakampa kwinini na dawa ya madini ya chuma. Alipata nafuu, na kiangazi cha 1845 akaweza kusafiri hadi Scotland. Kisha maumivu yakarudi, safari hii mgongoni na kiunoni, na hayakumwacha tena. Alifariki siku ya mwaka mpya, 1 Januari 1846.

Bence Jones alikadiria kwamba mgonjwa huyo alikuwa akipoteza gramu 67 za protini kwa siku katika mkojo. Aliwasihi madaktari wenzake waitafute protini hiyo kwa kila mgonjwa mwenye mifupa laini, na historia ikaipa jina lake. Ni haki, ingawa haki hiyo ina pengo. Aliyeuchemsha mkojo kwanza na kuona tabia yake ya ajabu ni William Macintyre, daktari aliyemtembelea McBean nyumbani mwishoni mwa Oktoba. Leo jina lake hutajwa na wachache.

Maiti ilipopasuliwa, mbavu zilikuwa laini kiasi cha kukatika kwa kisu, na ndani yake mlikuwa na rojorojo jekundu. Daktari wa upasuaji John Dalrymple aliliweka chini ya hadubini akaona chembe nyingi za duara na za umbo la yai, nyingine zikiwa na viini viwili. Alizichora kwa uangalifu. Michoro hiyo ipo hadi leo, na mwanapatholojia akiitazama anaitambua mara moja: hizo ni seli za plazma zilizogeuka saratani. Wakati ule seli hizo hazikuwa na jina. Hata ugonjwa ulijulikana tu kuwa ni ulaini wa mifupa, kama ule uliomuua mwanamke mmoja wa London, Sarah Newbury, mwaka 1844. Huyo alikuwa na miaka 39. Mumewe alipombeba kumpeleka kitandani, mfupa wa paja ukavunjika mikononi mwake.

Katika mji huohuo, miaka 13 kabla ya kichupa kile, daktari Mkweka aliyeitwa Thomas Hodgkin wa hospitali ya Guy's alikuwa ameeleza habari za wagonjwa saba ambao tezi zao na wengu vilivimba bila usaha wala kifua kikuu cha kueleza uvimbe huo. Hakutumia hadubini; alitegemea macho na vidole vyake. Kutokana na maelezo yale ndiko ulikoanza ukoo wa magonjwa unaoitwa limfoma, na ugonjwa wa Hodgkin ukawa mmoja wao. Jina la mieloma lilikuja baadaye, mwaka 1873, pale J. von Rustizky alipokuta vivimbe vinane katika uboho wa mgonjwa mmoja.

Basi mgawanyo wa kwanza ulikuwa wa mahali. Ugonjwa uliokaa kwenye uboho wa mifupa uliitwa mieloma, na uliokaa kwenye tezi uliitwa limfoma. Kwa wagonjwa wengi mgawanyo huo unafaa hata leo. Mieloma ya kawaida hutoboa mifupa, humwaga kalsiamu kwenye damu, huziba figo kwa protini na kumletea mgonjwa upungufu wa damu. Limfoma ya kawaida huanza na mtoki shingoni, kwapani au kinenani.

Taabu ni kwamba magonjwa haya mawili yana asili moja. Seli za kinga zinazoitwa seli B huzaliwa kwenye uboho, huenda kusomeshwa kwenye tezi, na baadhi yake hurudi ubohoni zikiwa zimekomaa kuwa seli za plazma, viwanda vya kutengeneza kingamwili. Saratani inaweza kuidaka seli mahali popote katika safari hiyo. Ikiidaka mwanzoni au katikati, huwa limfoma; ikiidaka mwishoni, huwa mieloma. Ikiidaka karibu na mwisho, seli ikiwa nusu tezi na nusu uboho, hapo ndipo mabingwa wamebishana kwa zaidi ya miaka 80.

Seli ya plazma ikishajulikana, haisahauliki. Kiini chake kimesukumwa pembeni, vitonge vyeusi vimejipanga ndani ya kiini kama tarakimu kwenye uso wa saa, na kando ya kiini pana sehemu nyeupe kama mwezi mchanga. Mwaka 1900, huko Boston, James Homer Wright alitangaza kwamba uvimbe wa mieloma umetokana na seli hizi. Ikaonekana kwamba kazi imekwisha: tazama seli, taja ugonjwa.

Haikuwa imekwisha. Mwaka 1944, daktari wa Sweden, Jan Waldenström, akiwa Uppsala, aliandika juu ya wagonjwa wawili waliomtatiza. Walikuwa wakitokwa damu puani na mdomoni, wana upungufu mkubwa wa damu, na tezi zimevimba. Damu yao ilikuwa na protini nyingi mno hata ikawa nzito. Protini nyingi ya aina moja ni alama ya mieloma, na Waldenström alilijua hilo vyema. Lakini picha za eksirei zilionyesha mifupa mizima isiyo na tundu hata moja, na uboho ulipochomwa sindano ulitoa zaidi seli ndogo za limfu, si seli za plazma zilizokomaa.

Bahati yake ilikuwa mji aliomo. Uppsala ndiko The Svedberg alikobuni mashine ya kuzungusha vimiminika kwa kasi kubwa ili kupima uzito wa molekuli. Damu ya wagonjwa ilipotiwa humo, protini ile ilionekana kuwa na uzito wa molekuli unaozidi 1,000,000, mara kadhaa ya kingamwili za kawaida. Leo inaitwa IgM, na inapojaa katika damu huziba vimishipa vya macho, pua na ubongo. Waldenström alipochapisha makala yake, kichwa cha habari kiliuita ugonjwa huo mieloma inayoanza, au pengine kitu kingine, na kikaishia na alama ya kuuliza.

Alama hiyo ndogo inastahili heshima kubwa. Daktari mwenye haraka angekata shauri, na vizazi viwili vya wanafunzi vingefundishwa kwamba ugonjwa wa Waldenström ni mieloma changa. Yeye aliandika alichokiona, akaacha mlango wazi. Miongo ikapita, watu wakavuta huku na huku, na katika uainishaji wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2001 ugonjwa huo ukawekwa wazi upande wa limfoma. Mwaka 2012 Steven Treon na wenzake wa Boston walipata ushahidi wa mwisho ndani ya jeni. Zaidi ya wagonjwa 9 katika kila 10 wa Waldenström wana badiliko lilelile moja katika jeni iitwayo MYD88.

Na kweli ipo mieloma inayotoa IgM, ila ni adimu: haifiki hata mgonjwa mmoja katika kila 100 wa mieloma. Mgonjwa wa namna hii huja na IgM damuni kama wa Waldenström, lakini mifupa yake imetobolewa kama ya McBean, na badiliko la MYD88 halimo. Mara nyingi lililomo ni jingine: kipande cha kromosomu ya 11 kimebadilishana nafasi na kipande cha kromosomu ya 14. Hapo mtego mwingine hutegwa, kwani mabadilishano hayohayo ndiyo alama kuu ya limfoma fulani ya seli B. Seli za mieloma zenye mabadilishano haya huweza kuwa ndogo zikafanana na seli za limfu, na nyingine hubeba hata CD20, alama ya seli B ambayo mieloma kwa kawaida huikosa. Mtaalamu akiangalia kioo kimoja tu cha hadubini, anaweza kuapa kwamba ni limfoma, na akawa amekosea.

Sura inayotuhusu zaidi watu wa Afrika Mashariki haikuandikwa London wala Uppsala. Iliandikwa Kampala, na haikuanza na mieloma hata kidogo.

Mwaka 1957, katika wadi ya watoto ya hospitali ya Mulago, daktari Hugh Trowell alimwita daktari wa upasuaji, Denis Burkitt wa Ireland, amtazame mtoto mmoja. Mtoto alikuwa amevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt alishangaa: saratani huanza mahali pamoja, na maambukizi ya mfupa hayashiki pembe nne za taya kwa mpigo. Wiki chache baadaye alikuwa Jinja kikazi. Akatazama nje, akamwona mtoto mwingine mwenye uso uleule. Akatoka kwenda kumpima, akakuta uvimbe tumboni pia. Tangu siku hiyo hakutulia. Alipekua mafaili ya Mulago, akachapisha makala mwaka 1958 akiuita uvimbe huo sakoma ya taya.

Jina hilo halikuwa sahihi, na waliolisahihisha walikuwa hapo hapo Kampala. Wanapatholojia Jack Davies na Gregory O'Conor walipochunguza vipande vya uvimbe ule walitambua kwamba ni limfoma. Uvimbe wa mfupani ulikuwa, kwa asili yake, wa ukoo wa tezi. Ule mgawanyo wa kale wa mahali ukavunjika mbele ya macho yao.

Oktoba 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu walilolinunua kwa pauni 250 wakaelekea kusini. Walisafiri wiki 10, takriban kilomita 16,000, wakipita hospitali kwa hospitali na kuuliza kama watoto wenye taya zile wanaonekana. Ramani waliyoichora ilionyesha kwamba ugonjwa hufuata joto na mvua. Nyanda za juu zenye baridi haukuonekana. Kwa hiyo wengi wakafikiri kuna kijidudu kinachousambaza.

Miezi kadhaa kabla ya safari hiyo, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo mtafiti kijana, Anthony Epstein, ambaye kabla mhadhara haujaisha alikwisha amua kwamba atatafuta kirusi. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa karibu miaka miwili hakuona kitu. Kisha, Desemba 1963, ukungu uliifunga London na ndege yenye kichupa ikalazimika kutua Manchester. Kichupa kilipomfikia Epstein, maji yake yalikuwa na ukungu, akadhani yameoza kwa bakteria. Kabla ya kuyamwaga, aliweka tone chini ya hadubini. Hayakuwa bakteria: zilikuwa seli za uvimbe, hai, zimebanduka njiani na kuelea zenyewe. Hapo ndipo alipoweza kuziotesha seli hizo maabara, na mapema 1964, kwa hadubini ya elektroni, akaviona virusi. Pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr alitangaza ugunduzi huo mwaka huohuo, na kirusi kikaitwa Epstein-Barr.

Mwaka 1967 Mulago ikafunguliwa kituo cha kutibu limfoma, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Watoto wengi waliofika mapema walipona kwa dawa tu. Lakini kirusi kilichotoka kwenye taya za watoto wa Uganda kilikuwa na kazi nyingine mbele yake, ambayo Burkitt mwenyewe asingeweza kuiota.

Mwaka 1997 kundi la wanapatholojia la Berlin, likiongozwa na Henri-Jacques Delecluse na Harald Stein, lilieleza uvimbe mpya wa kinywani. Wagonjwa walikuwa 16, na 15 kati yao walikuwa na VVU. Seli zilikuwa kubwa, zenye hasira, na kila alama iliyopakwa ilisema plazma: CD20 haikushika rangi, alama za seli za plazma zilishika. Kwa vipimo hivyo peke yake ungeandika mieloma. Lakini uvimbe ulikuwa kwenye ufizi na kaakaa, na ulikwenda mbio kama limfoma. Wakauita limfoma ya plazmablasti, yaani ya seli za plazma zilizo changa bado.

Tatizo lake ni kwamba mieloma nayo, inapokuwa kali, hurudi utotoni. Seli zake hupoteza umbo zuri la uso wa saa, huwa kubwa na changa, na huweza kutoka mifupani zikavamia ufizi, ngozi, ini au tezi. Mwaka 2005 Francisco Vega na wenzake waliyaweka magonjwa hayo mawili bega kwa bega wakayapaka alama moja baada ya nyingine. Yalifanana karibu kwa kila kitu. Kilichoyatenga waziwazi kilikuwa kimoja: kipimo kiitwacho EBER, kinachotafuta ndani ya seli alama za kirusi cha Epstein-Barr. Katika limfoma zao kilikuwamo. Katika mieloma zao hakikuwamo.

Kirusi kilichokaribia kumwagwa kwenye sinki la London, kutoka katika uvimbe uliokatwa Uganda, ndicho leo kinachowasaidia madaktari wa dunia nzima kuamua ugonjwa upi ni upi.

Hata hivyo EBER si hakimu wa mwisho. Sehemu ya limfoma za plazmablasti hazina kirusi hicho, kwa hiyo kipimo kikisema hapana, swali linabaki. Ndiyo maana mtaalamu mzuri hukusanya ushahidi kutoka pande zote. Je, mgonjwa ana VVU, au kinga yake imedhoofishwa na dawa za kupandikizwa figo? Je, picha za mifupa zinaonyesha matundu? Je, kalsiamu imepanda, figo zimeanza kuchoka? Je, kuna protini ya aina moja katika damu, au ile ya Bence Jones katika mkojo? Majibu ya pili, ya tatu na ya nne yakiwa ndiyo, mizani huelemea mieloma. VVU vikiwapo, kirusi kikiwapo na mifupa ikiwa mizima, huelemea limfoma. Na wako wagonjwa ambao ushahidi wao hugawanyika katikati. Kwa hao wanapatholojia waaminifu huandika kwamba huu ni uvimbe wa plazmablasti, bila kujifanya wanajua zaidi, wakamwachia daktari wa wadi aendelee kuchunguza.

Jina likikosewa, tiba nayo hukosewa. Mieloma hutibiwa kwa dawa zake: melfalani tangu miaka ya 1950 na 1960, thalidomide iliyoonekana kufaa mwaka 1999, bortezomibu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003. Limfoma kali hutaka mchanganyiko mwingine wa dawa, haraka, na mwenye VVU lazima awe pia kwenye dawa za kufubaza virusi. Rituksimabu, ambayo imewaokoa wengi wenye limfoma za seli B, hulenga CD20. Seli isiyo na CD20 haiguswi nayo, na mgonjwa hulipia dawa ghali isiyo na pa kushika.

Katika nchi zetu, ambako VVU vipo na daktari wa meno ndiye huonwa kwanza kinywa kikivimba, mkanganyiko huu haubaki vitabuni. Mtu huja na ufizi uliovimba, jino linang'olewa, uvimbe unaendelea kukua. Miezi inapita kabla kinyama hakijakatwa, na kikikatwa, jibu hurudi na maneno mawili matatu: uvimbe wa seli za plazma. Hapo mgonjwa au ndugu yake ana haki ya kuuliza kabla ya dripu ya kwanza kutundikwa. VVU vimepimwa? Mifupa imepigwa picha? Damu na mkojo vimepimwa protini? EBER imefanywa? Kama maabara haina kipimo hicho, kipande cha nyama kilichohifadhiwa kwenye nta ya parafini kinakaa miaka bila kuharibika na kinasafirishwa kwenda maabara nyingine. Uliza kilipo, na uombe kipelekwe.